Kiyoyozi Katika Nyumba Isiyofunga Mlango

Mtu akitafuta kiyoyozi Bukoba, wa kwanza kumcheka ni muuzaji mwenyewe. Niliingia dukani nikichuruzika maji ya mvua, mwavuli wangu umepinduliwa na upepo wa ziwani, nikauliza kama wanauza viyoyozi vya magurudumu, vile vya kusukuma kutoka chumba kimoja hadi kingine. Mwenye duka alikuwa mzee wa kofia ya kufuma, ambaye babu zake walitoka pwani wakaoa hapahapa. Alinifahamu kwa sababu wajukuu zake wamepita darasani kwangu.

"Mwalimu, hebu tazama nje," alisema. "Unataka baridi nyingine ya nini?"

"Si yangu, mzee. Ni ya mama, kule Muleba."

"Kafungua bucha?"

"Hapana. Aliungua. Hatoi jasho."

Aliacha kucheka, akanivutia kiti, akamwambia mteja mwingine asubiri. Nikamweleza, na nitaeleza tena hapa, kwa kuwa tangu siku hiyo wengi wameniuliza jambo hilohilo na huenda kuna mwingine mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani.

Mama aliungua kwenye sherehe ya jirani. Walikuwa wakipika ndizi za watu wengi, sufuria kubwa juu ya mafiga, na figa moja likateleza. Maji yakammwagikia kifuani, mabegani na mgongoni. Alilazwa muda mrefu hospitalini, akapona, akarudi kwake akitembea kwa miguu yake. Tulidhani yamekwisha. Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba ngozi iliyofanya kovu kubwa haina tena vitundu vya kutolea jasho. Mimi na wewe tukipata joto, mwili unatoa maji, maji yanakauka, tunapoa. Mama joto likimwingia linabaki humo humo. Anakuwa mkavu, uso unamwiva, kichwa kinamzunguka, na akichelewa kusaidiwa anaanguka.

Aliwahi kuanguka mchana wa kiangazi kilichopita, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kati ya kitanda na mlango. Mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba, ambaye anaishi naye, ndiye aliyemkuta.

Utauliza, joto gani hilo Muleba? Ni swali la haki. Nyumba yetu ni ya bati na haina dari. Zamani migomba ilikuwa imeizunguka hadi majani yakawa yanalala juu ya paa, na ndani kulikuwa na ubaridi kama wa kwenye msonge wa nyasi wa babu. Kisha ukaja ugonjwa wa mnyauko. Migomba yote ya karibu na nyumba ikakatwa na kufukiwa, kama tulivyoelekezwa, na mipya bado ni mifupi. Sasa jua la saa sita linapiga bati bila kizuizi, na bati linalimwaga joto moja kwa moja kitandani. Mbele kidogo, kwenye migomba iliyosalia, kuna kivuli kizuri, na asubuhi Mama hukaa huko. Lakini mgongo wake hauvumilii kukaa muda mrefu. Mchana anahitaji kitanda.

Baada ya kuanguka huko, kaka yangu alipiga simu kutoka Dodoma, anakofanya kazi. Ni mtu mwenye mapenzi makubwa na subira ndogo.

"Mdogo wangu, mimi sijadili tena. Mama anakuja huku. Chumba kipo, kiyoyozi kipo ukutani, hospitali ipo."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Kanijibu habari za migomba."

Nilizijua habari hizo za migomba. Kwetu kibanja, yaani migomba inayoizunguka nyumba, si shamba tu. Ndani ya kibanja ndimo alimozikwa baba, na kabla yake baba yake. Mama anajua mgomba upi ulitoka kwa nani na upi utazaa lini. Alikuwa akisema kwamba kibanja kisichofuka moshi asubuhi kimeshakuwa pori, hata kama kina mlinzi. Kumtoa hapo kungekuwa kumponya mwili na kumwacha bila kazi ya kuishi. Nilimwomba kaka anipe hadi kiangazi kinachofuata. Kama jua likirudi na Mama bado anazidiwa, nitamfungia nguo mimi mwenyewe. Akakubali, kwa shingo upande, na akaniambia atakuja kuona kwa macho yake.

Kwa hiyo nilikuwa na mvua za masika za kujitayarishia. Niliamua nisipoteze hata wiki.

Tulianza na feni, kama kila mtu anavyoanza. Feni ni kitu kizuri kwa mtu anayetoa jasho, maana kazi yake ni kulikausha. Kwa Mama ilikuwa inampulizia hewa ya moto tu. Vitambaa vya maji vilimsaidia kidogo, na muuguzi alikuwa ametufundisha, lakini kovu likilowa kutwa nzima linawasha na kuchubuka.

Kisha kaka akataka kutuma mashine kama aliyokuwa nayo ofisini. Ile ina tangi la maji na sponji, inapuliza hewa kupitia sponji lililolowa, hewa inatoka imepoa. Ni nyepesi na haili umeme mwingi.

"Kaka, hiyo ni ya Dodoma," nilimwambia kwenye simu. "Hapa haitafanya kazi."

"Wewe umeisoma vitabuni. Mimi ninakaa nayo."

"Sawa. Ukifua shati Dodoma, linakauka baada ya muda gani?"

"Kabla sijamaliza chai."

"Na kahawa yetu hapa? Unakumbuka tulivyokuwa tunaianika kwenye majamvi, tunaianua, tunaianika tena, hadi baba anataka kulia?"

Akacheka. Mtu aliyekulia Muleba akikumbushwa kazi ya kuanua kahawa, haambiwi mara ya pili kwamba hewa ya kwetu imejaa maji. Mashine ya sponji inapoza kwa kukausha maji, na hewa iliyokwisha kunywa haiwezi kunywa tena. Ingemjazia Mama chumba unyevu bure. Sikumwonyesha kwamba ameshindwa, kwa sababu hakuwa ameshindwa. Mashine yake ni nzuri pale ilipo.

Kile cha ukutani, chenye sehemu moja ndani na nyingine nje, nilikiwaza pia. Ndicho kinachopoza vizuri zaidi na kimya zaidi, na mwenye nyumba imara asisite kukichagua. Lakini kuta za Mama ni za matofali mabichi yaliyopigwa plasta, na fundi aliyekuja kuziangalia aligonga kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Hakutaka kuning'iniza uzito ule juu yake. Ndiyo sababu nilifika dukani nikiulizia cha magurudumu.

Mzee wa duka alikuwa navyo viwili. Kimoja kilikuwa na bomba moja nene la kutolea hewa moto, kingine kilikuwa na mabomba mawili. Cha bomba moja kilikuwa chembamba na kizuri machoni, na ndicho alichokisifia kwanza. Nikamwomba tuviwashe vyote viwili.

"Unataka kusikia sauti?"

"Nataka kusikia kama Mama ataweza kusikia."

Ni jambo ambalo watu hulisahau. Mashine hizi za magurudumu zina ngurumo, maana injini yote imo ndani ya chumba chako. Tulisimama mbele yake tukaongea kwa sauti ya kawaida. Nilimsikia, akanisikia. Basi.

Kuhusu mabomba, sababu ni hii. Cha bomba moja kinachukua hewa ya chumbani na kuitupa nje. Sasa chumba hakikubali kubaki kitupu. Hewa nyingine lazima iingie, na itaingia kwa nyufa, chini ya mlango, na pale ukuta unapokutana na bati, yaani hewa ya moto kabisa. Cha mabomba mawili kinavuta hewa ya nje kwa bomba moja, kinajipozea injini yake, kinaitoa kwa bomba la pili, na hewa ya chumbani inabaki chumbani. Katika nyumba yenye nyufa kama yetu, hicho ndicho cha kuchagua, hata kama kinachukua nafasi. Kaka alitaka ninunue kikubwa kuliko vyote. Nilimweleza kwamba chumba ni kidogo, na mashine kubwa mno katika chumba kidogo inapoza haraka, inajizima, na kuacha unyevu humo. Nilichukua cha ukubwa wa chumba chenyewe. Mzee akanionyesha pia tundu la nyuma la kutolea maji, nikafurahi, kwa sababu kwa hewa yetu tangi lake dogo lingejaa kila mara na mashine ingesimama. Tulilifungia mpira mwembamba ukaenda hadi kwenye ndoo nje. Mama mdogo alikuja kuyapenda sana maji yale, akawa anamwagilia mchicha.

Mashine yenyewe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni chumba. Nilikataa kabisa kuiwasha kabla hatujaweka dari, kwani kupoza chumba kilichofunikwa na bati tupu ni kujaza maji kwenye tenga. Tuliweka dari ya plaiwudi katika chumba cha Mama peke yake. Fundi umeme alivuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, kwa sababu waya wa zamani ulikuwa wa kubeba taa na redio. Fundi wa kuchomelea alitoa nondo moja dirishani, na badala ya ubao wa dirisha tukaweka mwingine wenye matundu mawili ya duara kwa ajili ya mabomba.

Mama alikuwa akitutazama toka kitini.

"Dirisha langu limekuwa pua ya ng'ombe," alisema.

"Pua ndiyo inayopumua, Mama."

"Basi lipigeni rangi. Sitaki pua chafu."

Mvua zilipokatika na jua likaanza kuuma, tuliwasha. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimelala huko. Saa saba mchana, bati la sebuleni likilialia kwa joto, Mama alikuwa amelala kitandani na kujifunika kanga hadi kiunoni. Ngozi yake ilikuwa baridi. Alilala usingizi wa mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aungue. Nilirudi Bukoba, nyumbani kwangu Nshambya, nikiwa na hakika kwamba Dodoma tumeipa kisogo.

Sikuwa nimewahesabu wageni.

Nadhani msomaji wa Kagera ameshaliona tatizo, na pengine alinishangaa tangu mwanzo. Kwetu nyumba yenye watu haifungi mlango mchana. Mlango uliofungwa saa sita una maana mbili tu. Ama wote wamekwenda kuzika, ama wanakula na hawataki mtu awakute. Na mgonjwa ndiye anayetembelewa kuliko mtu yeyote. Wanakuja wa jumuiya, wa ukoo, wanaotoka Misa, na waliokuwa wakienda mahali pengine wakasikia kwamba yupo. Mgeni hafiki akaketi. Anasimama mlangoni na kusalimia, na salamu zetu si za haraka. Anauliza usiku ulikuwaje, watoto wako vipi, kibanja kiko vipi, waliokuja jana walikuwa akina nani. Anasimama hapo mlango ukiwa wazi mkononi mwake, na baridi yote inapita katikati ya miguu yake kwenda sebuleni.

Mama mdogo alinipigia simu katikati ya wiki. Alikuwa akinong'ona, ingawa alikuwa uani.

"Mwalimu, huku watu wanaongea."

"Wanasemaje?"

"Kwamba mmemnunulia mama yenu jokofu, mmemfungia humo kama samaki wa kusafirisha. Mwingine kasema anaatamia. Anauliza vifaranga watatoka lini."

"Na Mama anasemaje?"

"Yeye? Kaweka jiwe mlangoni usijifunge."

Jumamosi niliingia kwenye basi la kwanza. Nilikuta mlango wa nje wazi, mlango wa chumbani wazi na jiwe lake, mashine ikinguruma kwa bidii ya bure. Wageni walikuwa wametoka muda si mrefu. Mama alikuwa amekaa wima kitandani, amevaa vizuri, uso umemwiva, midomo imekauka. Alinisalimia kikamilifu kabla ya kukubali kwamba kichwa kinamzunguka. Tulimlaza, tukafunga mlango, tukamwekea vitambaa vya maji shingoni na kwapani, na taratibu akarudi. Kaka alikuwa njiani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini na angefika kesho yake.

Nilikuwa nimekuja na dawa zangu za kielimu. Nikapendekeza tubandike karatasi mlangoni yenye saa za kuona mgonjwa. Mama akakataa.

"Saa za kuona wagonjwa ni za hospitali. Hapa ni kwangu."

Nikapendekeza wageni wamsalimie kwa dirishani.

"Kupitia ile pua?"

Nikapendekeza apokee wageni asubuhi tu, migombani.

"Na anayetoka Rubafu kwa basi la mchana nimwambie arudi Rubafu?"

Mama mdogo alikuwa anacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Nami nikacheka, lakini sikuacha. Nimefundisha miaka mingi, na najua kwamba mwanafunzi asipoelewa, kasoro mara nyingi iko kwenye mfano, si kwake. Nikatafuta mfano mwingine. Sikutaka kutaja sufuria, kwa sababu ya yaliyompata, lakini sikupata kingine cha kufaa.

"Mama, ukipika ndizi unafunika na nini?"

"Majani ya mgomba. Unaniuliza kama mtoto."

"Mtu akija kila mara akafunua, anachungulia, anafunika, mwingine anafunua?"

"Haziivi. Zinakuwa ngumu katikati."

"Baridi nayo ni hivyo hivyo. Mashine inaipika, mlango ndio majani."

Alitazama jiwe lililokuwa bado pale sakafuni, akatazama mashine.

"Kwa hiyo ubaya si wageni," alisema. "Ubaya ni kufunua."

"Ndiyo, Mama."

"Ungesema hivyo toka mwanzo, bojo, mwanangu. Ulikuwa unanifukuzia watu."

Akamwagiza mama mdogo amletee kikapu kidogo cha kahawa. Hapa nieleze kwa asiye mwenyeji. Kahawa ya kumkaribishia mgeni kwetu ni ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa. Mgeni asipopewa hajakaribishwa, na anayepewa hawezi kusema amefungiwa mlango. Kwa kawaida kikapu kinakaa sebuleni na yeyote wa nyumbani hukitoa. Mama akakiweka kitandani, ubavuni mwake, chini ya mkono.

Jumapili watu walianza kufika baada ya Misa. Wa kwanza alikuwa jirani wa siku nyingi, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alifungua mlango, akasimama, akaanza.

"Waitu, mwenzangu, umeamkaje?"

"Nimeamka. Ingia."

"Na watoto wa Dodoma?"

"Wapo. Ingia kwanza, rudishia mlango."

"Naingia. Na ule mgongo..."

"Kahawa haitoki mlango ukiwa wazi," Mama alisema, akapiga kikapu kwa kiganja.

Yule mama aliacha salamu katikati. Akatazama kikapu. Akaingia, akarudishia mlango, akaketi, na salamu zikaanza upya kutoka mwanzo, zote, bila kupunguzwa hata moja. Kisha akapewa kahawa yake.

"Kumbe humu ni pazuri!" alisema akitafuna. "Na mimi niliambiwa unaatamia."

"Ninaatamia. Wewe ndiye kifaranga wa kwanza."

Wa pili alipofungua mlango, si Mama aliyemwambia arudishie, bali yule jirani. Wa tatu aliambiwa na wote wawili. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika kibarazani, na watu waliokuwa wakitoka walikuwa wakiwafundisha wanaoingia. Nilibaki na sharti moja tu la kuongeza, kwamba wasizidi watatu kwa wakati mmoja, maana kila mwili unaoingia ni kama jiko dogo la mkaa. Mama alilikubali hilo bila ubishi. Alisema wazee watangulie.

Kaka alifika wakati huo. Nilimwona akishuka kwenye gari la kukodi, akipita katikati ya watu waliokaa kibarazani, akisalimia kwa haraka, uso wake ukisema kwamba hakuna haja ya kuongea sana. Aliingia chumbani. Nami nikaingia nyuma yake, nikarudishia mlango. Akamsalimia Mama kwa heshima zote. Alikuwa hajamaliza kukaa sawasawa, umeme ukakatika.

Mashine ilishusha pumzi ndefu, ikanyamaza. Kaka alisimama.

"Si niliwaambia? Sasa je? Fungueni madirisha, apate hewa!"

Akashika kitasa, akavuta mlango. Chumba kizima kilimrukia kwa pamoja, jirani, mama mdogo, na kikongwe mmoja kutoka Izimbya ambaye hata hakuwa ndugu yetu wa karibu.

"Funga!"

"Unamtolea baridi nje!"

"Huyu katoka wapi huyu?"

"Ni mwanangu," Mama alisema. "Hajafundishwa bado."

Kaka alirudishia mlango akaketi ukingoni mwa kitanda. Nilimweleza kwa sauti ya chini kwamba baridi iliyo ndani haikimbii yenyewe ikiwa dari ipo na mlango umefungwa, kwamba tuliwahi kukatikiwa umeme mchana na chumba kikakaa vizuri muda wa kutosha mtu kupika na kula. Kama ungechelewa zaidi ya hapo, tungetoa wageni na kurudi kwenye vitambaa vyetu vya maji. Sikumwambia kwamba hakuna hatari. Nilimwambia tunachokifanya hatari ikija.

Tulikaa. Wanawake waliendelea na mazungumzo yao, ila sasa kwa sauti ndogo, kama watu waliobeba kitu kinachoweza kumwagika. Nje jua lilikuwa kali na bati la sebuleni lililia. Kila baada ya muda kaka alimgusa Mama paji la uso kwa nyuma ya mkono, kisha shingoni. Mama alimwacha afanye hivyo mara kadhaa.

"Vipi, nimeiva?" alimuuliza mwishowe.

"Hapana, Mama. Umepoa."

"Basi acha kunipapasa kama embe la sokoni."

Umeme uliporudi, mashine ikaunguruma, na wale waliokuwa nje wakapiga vigelegele. Kaka alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akainamisha kichwa.

"Nilikuja kukuchukua," alisema.

"Najua. Umekuja na gari la kukodi toka stendi. Nani anakodi gari kuja kusalimia?"

"Sasa nifanye nini, Mama? Nikiwa kule silali."

"Lala. Mwaka mzima huyu mdogo wako hajalala kwa niaba yako." Alimsogezea kikapu, kaka akachukua punje mbili, akatafuna taratibu. "Siendi Dodoma. Nitakuja kuwaona, nikitaka, wakati wa mvua. Lakini kukaa nakaa hapa."

Nilimtazama kaka. Nilikuwa nimemwahidi kwamba Mama akizidiwa tena nitamfungia nguo mwenyewe, na jana yake alikuwa amezidiwa. Nilimweleza hilo palepale, mbele ya Mama, habari ya jiwe na yote, kwa sababu uamuzi wake ulipaswa kusimama juu ya mambo yote yaliyotokea. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza swali moja tu, kama jiwe bado lipo.

"Nimelitupa mimi mwenyewe asubuhi," Mama alijibu kabla yangu.

Kaka aliangalia dari ya plaiwudi, jinsi ilivyogongwa, hadi pembe zake. Halafu akauliza kama gari lirudi mjini tupu.

"Lisirudi tupu," Mama alisema. "Nenda nalo kwa wauza mbao. Wazee wanaosubiri zamu yao wanaungua kwenye ile sebule. Iwekee dari nayo."

Kaka akanigeukia, akaniomba futi ya kupimia. Tulitoka, tukarudishia mlango nyuma yetu. Yeye alishika ncha moja ukutani, mimi nikaivuta hadi ukuta wa pili, tukabishana kama mara ya kwanza tulikosea au la, tukapima tena. Sauti ya Mama ikatufikia kutoka ndani, ikishindana na ngurumo ya mashine, ikiuliza ni sebule gani hiyo tunayoipima muda wote huo, na kama dereva ameshapewa kahawa.